Kanga Bila Habari Zake

Wengi hudhani kazi ya mhifadhi wa makumbusho ni kulinda vitu visivunjike. Hiyo ni nusu tu. Nusu iliyo nzito ni kuamua kipi kiingie, tena kiingie na habari gani.

Muscat ina mifano mizuri. Makumbusho ya Bait Al Zubair yalifunguliwa mwaka 1998 kwa mkusanyiko wa familia moja: majambia, mavazi, mapambo ya fedha. Makumbusho ya Ghalya kule Mutrah, ya mwaka 2011, yameweka sanaa ya kisasa ubavuni mwa nyumba inayoonyesha maisha ya kati ya miaka ya 1950 na 1975. Hapo ndipo penye hekima, kwa kuwa chombo cha jikoni na mchoro wa msanii vinapewa heshima moja. Na kuchagua hakuishii makumbusho: mwaka 2022 Aisha Stoby, mhifadhi Mwomani, alisimamia banda la kwanza la Oman kwenye maonyesho ya Venice, lenye kazi za wasanii watano.

Mimi moyo wangu uko kwenye kanga. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, na hasa tangu Sultan Qaboos aliposhika utawala mwaka 1970, familia nyingi za Zanzibar zilihamia Oman, na Kiswahili mpaka leo kinasikika Muscat. Kanga zilikuja nao masandukuni.

Kanga ikifika mezani kwetu wahifadhi hupimwa, kisha huangaliwa pindo, mji, yaani sehemu ya kati, na jina, yaani msemo wake. Kwenye zile za kale sana jina limeandikwa kwa herufi za Kiarabu. Ukiona K.H.E. Mali ya Abdulla, hiyo ni chapa ya Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa. Kanga haikunjwi, maana mkunjo hukata nyuzi. Huviringishwa kwenye bomba lililofunikwa karatasi isiyo na asidi. Ikitundikwa, mwanga hauzidi lux 50, kwani rangi ikishapauka hairudi.

Lakini nani alimpa nani kanga ile, na kwa nini akachagua jina lile, la mahaba au la kijembe? Kitambaa hakisemi. Ajuaye ni bibi.

Basi ndugu msomaji, kabla hujaligawa sanduku la bibi, kaa naye. Muulize kila doti aliipata wapi, mwaka gani, akaivaa siku gani. Andika kwa penseli, maana wino huchuruzika ukipata unyevu, na karatasi hiyo isitengane na kanga yake.