Jina la Siti

Katika kisiwa cha Unguja mtoto akizaliwa hupewa jina lenye maana. Msichana aliyezaliwa Ijumaa pengine huitwa Mwajuma. Mtoto wa pili, Pili. Na aliyezaliwa wakati wa dhiki, Shida au Tabu. Miongoni mwa majina ya wasichana limo Siti. Neno hili asili yake ni Kiarabu, na maana yake ni bibi, yaani mwanamke mwenye heshima.

Yuko mwanamke mmoja ambaye hakuzaliwa na jina hilo, bali alilipata ukubwani. Yapata mwaka 1880, katika kijiji cha Fumba, kusini mwa mji wa Unguja, mtu mmoja maskini, jina lake Saad, alipata binti. Binti huyo akaitwa Mtumwa. Siku zile neno hilo lilikuwa zito. Soko la watumwa la mjini lilikuwa limefungwa tangu mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe ulikuwapo bado. Ndipo mwaka 1897 sheria ikawapa watumwa haki ya kudai uhuru wao.

Sheria ilikuja, lakini binti Saad alibaki na jina lake lile lile. Alichukua vyungu kutoka Fumba mpaka mjini, akavitembeza na kuvinadi, na watu wakaipenda sauti yake. Mwaka 1911 akahamia mjini, akajifunza kuimba taarabu pamoja na wapiga ala. Zamani taarabu iliimbwa zaidi kwa Kiarabu. Yeye akaiimba kwa Kiswahili, hata wachukuzi na wapishi wakaifahamu. Basi mtu aliyeitwa Mtumwa sasa akaitwa Siti.

Mwaka 1928 alisafiri na wenzake mpaka Bombay, huko Bara Hindi, na nyimbo zake zikatiwa katika sahani za santuri. Alikufa mwaka 1950, lakini jina lake halikufa. Waandishi wa habari wanawake wa Tanzania, walioanzisha chama chao mwaka 1987, waliliita gazeti lao Sauti ya Siti.

Tazameni basi: jina la kwanza alipewa kabla hajatenda neno lo lote, la pili alilipata kwa kazi yake. Wala jina la baba yake hakulionea haya, maana mpaka mwisho alijulikana kuwa ni Siti binti Saad. Msichana aitwaye Siti leo amepewa heshima angali mchanga. Imebaki kwake kuitunza. Wahenga walisema, Jina jema hung'ara gizani.