Kusoma nyota bila kuuza shamba

Kijana akisema anataka kusoma astrofizikia, yaani elimu ya nyota na sayari, wazazi wengi huuliza: pesa itatoka wapi? Tunapenda kueleza njia moja.

Umoja wa Ulaya una mpango uitwao Erasmus Mundus, ambamo vyuo vikuu vya nchi mbalimbali huungana kutoa masta ya pamoja. Masta ya astrofizikia iitwayo MASS huchukua miaka 2, na vyuo vyake viko Roma, Belgrade, Bremen na Nice. Mwanafunzi huhama kutoka nchi moja kwenda nyingine. Anayepewa ufadhili halipii masomo, tena hupokea euro 1,400 kila mwezi. Nafasi ni chache, lakini shamba la jamaa halihitaji kuuzwa.

Kuna mambo mawili ambayo pesa haiwezi kununua: msingi imara wa fizikia na hesabu, na Kiingereza, kwa kuwa masomo hufundishwa kwa lugha hiyo. Watoto wetu husoma kwa Kifaransa. Basi kanisa lenye mwalimu wa Kiingereza limpe chumba na saa za jioni, wavulana na wasichana wajifunze tangu sekondari. Siku ya kujaza fomu, watakuwa wamechelewa.