Tusi Mbele ya Hakimu: Maana, Muktadha na Mipaka ya Uhuru wa Kusema

1. Utangulizi

Tusi limekuwa mtoto wa kambo wa isimu ya Kiswahili. Kamusi hulipita kwa haya, na vitabu vya sarufi havilitaji. Mahakamani, hata hivyo, halikwepeki, maana huko mtu aweza kufungwa kwa ajili yake. Makala haya yanakusudia kueleza mipaka ambayo sheria ya Kenya imeziwekea kauli za hadharani, na kuonyesha kwamba kiini cha mipaka hiyo ni suala la maana, yaani suala letu sisi wanalugha. Mifano yetu tutaiweka Timau, mji wa Kaunti ya Meru ulio kando ya barabara itokayo Nanyuki kwenda Meru. Katika soko na mashamba ya huko hukutana wasemaji wa Kimeru, Kikuyu, Kimaasai na lugha nyinginezo, na Kiswahili ndicho kiwaunganishacho.

2. Sheria yasemaje

Kifungu cha 94 cha Kanuni ya Adhabu (Sura ya 63) chakataza lugha chafu, ya matusi au ya kufedhehesha. Lakini yafaa ieleweke kwamba neno peke yake halitoshi kuwa kosa. Hapana budi litamkwe mahali pa umma au penye mkutano wa hadhara. Tena pawepo nia ya kuvunja amani, au hali ielekeayo kuivunja. Kwa hiyo swali la sheria si "neno hili lina maana gani?" bali ni "neno hili, kwa mtu huyu, mahali hapa, lingefanya nini?" Hilo ni swali la pragmatiki.

3. Neno na tafsiri yake

Tuchukue neno la Kikuyu *kihii*. Likifasiriwa kisisisi, ni mvulana ambaye hajatahiriwa. Akiitwa hivyo mtoto wa miaka minane, hakuna lililoharibika. Akiitwa hivyo mume mwenye watoto, sokoni Timau, mbele ya rika lake, amevuliwa utu uzima wake wote. Kinyume chake, babu na mjukuu waweza kuitana majina mazito na watu wakacheka, kwa kuwa utani umeliondolea neno sumu yake.

Sasa shauri hilo lifike mahakamani. Lugha ya mahakama za chini, kwa mujibu wa sheria, ni Kiingereza au Kiswahili. Shahidi hulitamka neno kwa lugha yake, mkalimani hulifasiri, na hakimu kwa kawaida huandika Kiingereza. Mkalimani akisema tu "mvulana asiyetahiriwa", kosa limeyeyuka. Akichagua tusi zito la Kiingereza, huenda amemtia mshtakiwa hatiani kwa neno ambalo hakulisema. Katiba ya 2010, ibara ya 50, humpa mshtakiwa asiyeielewa lugha ya mahakama haki ya mkalimani bila malipo. Haki hiyo haina uzito ikiwa mkalimani hakufunzwa kueleza muktadha.

Shida hiyo huonekana pia katika kauli za chuki. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008, kifungu cha 13, hutaka hali zote za kauli zizingatiwe. Hata hivyo, mwezi Aprili 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano ilitoa orodha ya maneno ya kuepukwa, yakiwamo *madoadoa* na *kwekwe*. Kinywani mwa mwanasiasa azungumziaye jirani wa kabila jingine, maneno hayo ni wito wa kufukuza watu. Katika shamba la ngano la Timau, kwekwe ni kwekwe, na mkulima hana budi kuing'oa. Orodha yaweza kuonya, lakini haiwezi kuhukumu.

4. Cheo cha wasemaji

Kifungu cha 95 cha Kanuni hiyo chamtaja mfanyakazi amtukanaye mwajiri wake, au msimamizi aliyewekwa na mwajiri. Hakimtaji mwajiri amtukanaye mfanyakazi. Timau ilikuwa nchi ya mashamba ya walowezi, na leo yako mashamba makubwa ya maua. Huko tofauti hiyo si jambo dogo. Hapa sheria yenyewe imeupima uzito wa tusi kwa cheo cha mtukanwaji.

5. Katiba na tusi

Ibara ya 33 ya Katiba hutoa uhuru wa kujieleza, kisha huorodhesha yasiyolindwa: propaganda ya vita, uchochezi wa ghasia, kauli za chuki na utetezi wa chuki. Lugha chafu haimo katika orodha hiyo. Kwa hiyo kila kizuizi chake lazima kipimwe kwa ibara ya 24: je, chafaa katika jamii huru ya kidemokrasia? Kwa kutumia kipimo hicho, Mahakama Kuu mwaka 2017 ilibatilisha kifungu cha 194, kilichofanya kashfa kuwa jinai, na cha 132, kilichohusu kuishushia hadhi mamlaka ya mtumishi wa umma. Kumuudhi mkubwa si sawa na kuvunja amani.

6. Hitimisho

Mambo mawili yanatupasa. Kwanza, tuyakusanye na kuyaeleza matusi ya Kiswahili na ya lugha jirani kwa utaratibu uleule tunaotumia kwa methali: nani humwambia nani, wapi, na kwa matokeo gani. Pili, idara zetu zishiriki katika kuwafunza wakalimani wa mahakama. Tukinyamaza kwa haya, maana ya neno itaendelea kuamuliwa na yeyote aliye karibu na kizimba, na gharama ya kosa lake atailipa mshtakiwa.