Selimundu: Adui Azaliwaye na Mtoto

Askari asiyemjua adui yake hupoteza risasi bure. Ndivyo yalivyo mapambano dhidi ya selimundu, ugonjwa wa kurithi ambao katika nyumba nyingi, za kambini zikiwamo, ungali ukisingiziwa uchawi au ukoo wa mke.

Yatupasa tuelewe kwamba kwa kawaida mtoto huugua pale anapopokea kinasaba cha selimundu kutoka kwa baba na kutoka kwa mama. Aliyekipokea upande mmoja tu ni mbebaji. Huwa mzima, hupiga gwaride na kushika zamu kama wenzake. Wabebaji wawili wakioana, kila mimba ina uwezekano wa moja kwa nne wa kuleta mtoto mgonjwa. Basi mume amrudishaye mkewe kwao kwa sababu hiyo anamtwika mzigo ambao nusu yake ni wake mwenyewe.

Mwaka 1910, daktari James Herrick wa Chicago alieleza habari za chembe za damu zenye umbo la mundu. Mwaka 1949, Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba kasoro imo katika himoglobini, ibebayo oksijeni mwilini. Mwaka 1954, Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alieleza kwamba mbebaji hupata kinga dhidi ya malaria kali. Ndiyo sababu kinasaba hicho kimeenea katika nchi zetu zenye mbu. Nchini Uganda, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016 uliwakuta wabebaji wapatao 13 katika kila watoto wachanga 100.

Maarifa hayo ndiyo yanayoongoza matunzo. Himoglobini yenye kasoro ikikosa oksijeni hushikamana na kuikunja chembe. Chembe hukwama katika mishipa midogo, na maumivu makali ya mifupa huzuka. Kiu, baridi na homa huyachochea. Kwa hiyo mgonjwa hunyweshwa maji mengi na kukingwa baridi. Bandama yake huharibika mapema, hivyo mtoto hupewa penisilini hadi umri wa miaka mitano, pamoja na chanjo. Hupewa pia kinga ya malaria, kwani kwake yeye malaria ni muuaji.

Dawa ya haidroksiyurea huongeza himoglobini ya uchanga, isiyoshikamana. Majaribio katika Angola, Kongo, Kenya na Uganda, yaliyotangazwa mwishoni mwa 2018, yalionyesha kwamba maumivu, malaria na vifo vya watoto vilipungua. Desemba 2023 Marekani iliidhinisha tiba za vinasaba, lakini gharama yake ni kubwa mno.

Kwa askari aliye mbebaji, hapana sababu ya hofu. Ila katika mwendo mrefu wa juani, na anywe maji, naye kamanda ampe nafasi ya kupumzika.

Ndugu askari, tupime damu kabla ya ndoa, na watoto wetu wapimwe mapema. Tukishamjua adui, tutajua pa kumkabili.