Mwonyesha Njia wa Eropleni

Wengi wetu twadhani ya kuwa katika eropleni ya vita kazi yote ni ya ashikaye usukani. Sivyo. Zamani mabaharia wa pwani walimwita rubani yule ajuaye njia na miamba. Katika eropleni jina hilo amelitwaa mwendeshaji, na ajuaye njia siku zile alikuwa akikaa nyuma ya pazia, taa yake isionekane na adui, akihesabu mwendo na upepo kwa ramani na saa.

Mmoja wao alikuwa Harlo Taerum, kijana wa Milo, Alberta, nchi ya Kanada. Usiku wa tarehe 16 Mei 1943 aliiongoza eropleni ya Guy Gibson mpaka bwawa la Möhne, Ujerumani. Bomu lao liliruka juu ya maji kama kijiwe wakitupacho watoto, na lilipasa kuangushwa futi 60 tu juu ya maji. Basi taa mbili zilifungwa chini ya eropleni, na mianga yake ilikutana majini kwa kimo hicho. Taerum ndiye aliyeitazama, akimwambia Gibson ashuke, ashuke tena. Ukuta ulibomoka usiku ule. Mafuriko yaliua watu zaidi ya 1,000, na wengi walikuwa wafanya kazi wa kigeni waliochukuliwa kwa nguvu.

Gibson alipumzishwa, Taerum, akiisha kupewa nishani, aliendelea chini ya mkuu mpya, Holden. Usiku wa kuamkia tarehe 16 Septemba 1943, wakiuendea mfereji wa Dortmund-Ems, wakiruka chini sana, mizinga iliwapata. Wote 8 walikufa. Taerum alikuwa na miaka 23. Mwaka 1945 mama yake alipoteza na mwana mwingine, Lorne, naye askari wa eropleni.