Mizani Isiyoonyesha Njaa: Ulaji na Matumizi ya Nishati kwa Wanasoka wa Kulipwa

Katika timu nyingi za soka, uzito wa mchezaji ndio unaotumiwa kuamua iwapo chakula chake kinamtosha. Asipokonda wala kunenepa, huhesabiwa kuwa anakula kwa kadiri ya kazi anayoifanya. Makala haya yanaonyesha kwamba kigezo hicho kina kasoro ya msingi. Mwili unaopungukiwa na nishati huanza kwa kubana matumizi yake wenyewe, hivyo upungufu unaweza kudumu kwa miezi bila mizani kutikisika.

Matumizi ya nishati hupimwa kwa usahihi zaidi kwa kumnywesha mchezaji maji ambayo haidrojeni na oksijeni yake ni za isotopu nzito. Haidrojeni hiyo hutoka mwilini kwa njia ya maji tu, ilhali oksijeni hutoka kwa maji na pia kwa hewa ya ukaa. Tofauti ya kasi baina ya mitoko hiyo miwili, inayosomwa katika mkojo wa siku kadhaa, huonyesha kiasi cha hewa ya ukaa kilichozalishwa, na kwa hiyo nishati iliyotumika. Kwa njia hiyo, utafiti uliochapishwa mwaka 2017 kuhusu wachezaji sita wa Ligi Kuu ya Uingereza ulikuta kwamba walitumia wastani wa kilokalori 3,566 kwa siku na kula 3,186, katika juma lenye mechi mbili. Pengo hilo si kubwa, na sehemu yake huenda ni chakula kilicholiwa bila kuandikwa, kwani watu husahau kuandika wanachokula. Kwa wachezaji wa timu ya taifa ya wanawake ya England hali ilikuwa nzito zaidi: katika utafiti wa mwaka 2022 walitumia karibu kilokalori 2,700 na kuripoti kula karibu 1,900.

Ili kujua uzito wa pengo la namna hiyo, wataalamu hukokotoa nishati inayosalia, yaani ulaji ukitolewa nishati ya mazoezi, kisha kugawanywa kwa uzito wa mwili usio wa mafuta. Chukua mfano wa mchezaji mwenye kilo 45 za uzito huo, anayekula kilokalori 2,000 na kuteketeza 700 mazoezini. Zinasalia 1,300, sawa na takriban 29 kwa kila kilo. Kiwango kinachopendekezwa ni 45, na chini ya 30 ndipo homoni huanza kuvurugika, ingawa kizingiti hicho kilitokana na majaribio ya maabara kwa wanawake wasio wanamichezo na hakifai kushikwa kama ukingo wa kisu. Nishati iliyosalia ndiyo inayogharimia moyo, ubongo, mifupa, kinga na uzazi. Isipotosha, mwili huahirisha visivyo vya dharura: hedhi hukoma, mifupa hudhoofika hata kupata nyufa, na majeraha huchelewa kupona. Mwaka 2014 Kamati ya Olimpiki ya Kimataifa iliyakusanya madhara hayo chini ya jina moja, ikisisitiza kwamba wanaume nao huathirika.

Wastani wa juma nao huficha jambo. Misuli hutegemea glaikojeni, na ghala lake ni dogo. Dakika 90 za mechi hulipunguza kwa kiasi kikubwa. Ndiyo maana wataalamu wa UEFA hupendekeza gramu 6 hadi 8 za wanga kwa kila kilo ya uzito katika siku ya kabla ya mechi, siku ya mechi na siku inayofuata. Kwa mchezaji wa kilo 70, gramu 8 ni sawa na gramu 560, kiasi kinachopatikana katika takriban kilo mbili za wali uliopikwa. Ni wachache wanaoweza kumaliza sinia hilo, hasa wenye wahaka wa mechi. Kwa hiyo ushauri wa kujaza sahani kwa mboga na dona, ulio mwema siku nyingine, siku hizo huwa kikwazo, kwa kuwa makapi hushibisha kabla wanga haujatosha. Uji wenye sukari, juisi, ndizi mbivu na mkate mweupe hupita kwa urahisi zaidi. Kwa mchezaji aliyefunga Ramadhani, hesabu hiyohiyo hulazimika kuingia kati ya futari na daku, na usingizi nao ukidai saa zake.

Timu isiyo na maabara inaweza kufuatilia kwa daftari tu: tarehe za hedhi, mafua yanayojirudia, maumivu ya mfupa yasiyoisha, na chakula cha siku tatu au nne zenye ratiba tofauti. Katika timu za wanaume kazi ni ngumu zaidi, kwa sababu hakuna dalili iliyo wazi kama hedhi. Kushuka kwa testosteroni huonekana katika kipimo cha damu, na kipimo hicho kwa kawaida huagizwa baada ya mchezaji kulalamika uchovu kwa muda mrefu.