Karakara, Mmea Utambaao Ufaao Bustani za Nyeri

Katika maduka makubwa ya miji ya Mlima Kenya huonekana siku hizi tunda lenye ganda la manyoya na nyama ya kijani, liitwalo kiwi, na watu wengine hutamani kuupanda mmea wake karibu na nyumba. Asili yake ni Uchina. Mbegu zilipelekwa New Zealand mwaka 1904 na mwalimu mkuu Isabel Fraser. Lakini mmea huo hutaka majira ya baridi kali, upukutishe majani na kulala kwa wiki nyingi, ndipo uchanue vizuri. Ukungu wa Julai huko Nyeri haufikii baridi hiyo. Tena kwa kawaida mmea dume na mmea jike ni mbalimbali, basi mwenye mche mmoja tu hapati kitu.

Mwenye bustani ndogo yafaa aitazame karakara ya zambarau, ambayo wengine huiita pasheni. Hustawi katika miinuko ya mita 1,200 hadi 2,000, yaani kutoka Embu na Kerugoya hata Nyeri yenyewe. Waya mmoja uliokazwa juu ya nguzo, kimo cha mtu, watosha kuubeba.

Adui wake mkubwa ni mnyauko. Mkulima huamka akakuta mche uliojaa matunda mabichi umelegea majani, na baada ya muda mfupi umekauka wote. Akilipasua shina karibu na ardhi huona ndani rangi ya kahawia. Dawa ya kuuponya hakuna, na ugonjwa hubaki udongoni miaka mingi. Kupanda mche wa namna ileile katika shimo lilelile ni kutupa fedha.

Njia iliyopo ni kubebesha. Huoteshwa kwanza karakara ya manjano, ile ipendayo joto la pwani, kwa kuwa mizizi yake huuvumilia ugonjwa huo. Mche ukifika unene wa penseli hukatwa na kupasuliwa, na kijiti cha karakara ya zambarau, kilichochongwa kama kabari, hutiwa katika mwanya na kufungwa barabara kwa utepe wa plastiki. Kijiti kitoke katika mmea mzima usio na virusi, maana mmea mgonjwa huzaa matunda madogo yenye ganda nene gumu.

Kosa la wengi huja siku ya kupanda: hukifukia kiungo. Zambarau ikigusa ardhi hutoa mizizi yake yenyewe, na ugonjwa huingia kwa mlango huo. Kiungo kibaki juu ya udongo zaidi ya shubiri moja, wala jembe lisiijeruhi mizizi wakati wa kupalilia.

Anunuaye miche, iwe Karatina au Meru, aitafute kwanza kovu ya kiungo. Mche usio na kovu umeoteshwa kwa mbegu tu, hata muuzaji akisema vingine.